Msamaha Usiopakulika

Kwa wale ambao hawakubahatika kuzaliwa katika nchi yetu, nianze kwa kusema kwamba Serikali yetu haijawahi kukosea. Sisemi hivi kwa kujipendekeza. Nimepekua nyaraka za Serikali tangu uhuru na sijaona mahali popote palipoandikwa kwamba imekosea. Imewahi kurekebisha, imewahi kuboresha, imewahi kutazama jambo upya kwa jicho la upendo, lakini kukosea, hapana. Daraja la Mto Kibindo lilipoanguka siku moja baada ya kuzinduliwa, tulitangaziwa redioni kwamba limepumzishwa.

Ugumu ulikuja kila Wiki ya Uhuru. Katika wiki hiyo Mtukufu Rais huwatoa gerezani baadhi ya wafungwa, na wengi wao ni watu ambao, tukizungumza hapa kwa sauti ya chini, hawakupaswa kuingia. Sasa utaandikaje kwamba umemtoa mtu asiye na hatia bila kuandika kwamba ulimfunga mtu asiye na hatia? Neno "msamaha" lilikataliwa, kwa kuwa mtu angeweza kuuliza nani anamsamehe nani. Neno "kuachiwa" nalo likakataliwa, kwa kuwa kinachoachiwa lazima kiwe kilishikwa. Wanasheria wa Serikali walijifungia kwenye hoteli moja kando ya ziwa wakilitafuta neno linalofaa, mpaka hoteli ikaishiwa samaki.

Mimi ndiye niliyewaokoa. Naitwa Faraji Mkumbukwa, na siku hizo nilikuwa Mkurugenzi wa Mapambo katika Wizara ya Tovuti na Sura ya Taifa. Nilisimama kikaoni nikauliza: kwa nini tuseme? Si tupambe tu? Tuweke orodha ya wafungwa kwenye tovuti, na jina la anayetoka tulipitishie mstari wa dhahabu katikati. Mwenye macho ataelewa, na Serikali itakuwa haijatamka kitu.

Kikao kizima kilisimama kunipigia makofi. Nami sitawaficha, nilisimama pamoja nao nikajipigia.

* * *

Ule ukurasa niliutengeneza kama mtu anayejenga nyumba ya kuhamia. Juu kabisa niliweka picha ya Mtukufu Rais akitazama mbali. Kila pembe niliweka bendera inayopepea yenyewe, na pembeni kote nikazungushia fremu ya maua ya mpamba, zao letu kuu, ambalo kwa sasa limepumzishwa pia. Mstari wenyewe ulinichukua muda mrefu kuliko vyote. Nilijaribu dhahabu iliyokolea, ikawa kama haradali. Nilijaribu iliyopauka, ikawa kama uji. Nilipoipata niliyoitaka niliipa jina, nikaiita Dhahabu ya Uvumilivu, na jina hilo likaandikwa kwenye gazeti la Serikali.

"Umekonda hivyo kwa ajili ya mstari?" mke wangu aliniuliza.

Nilimwambia kwamba yeye ni mwalimu wa hesabu na hawezi kuelewa sanaa. Akaniambia nile kwanza, sanaa itanisubiri.

Lakini nchi yetu, pamoja na kupenda tovuti, ina Sheria ya Karatasi. Kwa sheria hiyo, kilichoko kwenye tovuti ni habari, na kilichoko kwenye karatasi ndiyo amri. Mlango wa gereza haufunguki kwa habari. Kwa hiyo chini ya ukurasa wangu niliweka kitufe kilichoandikwa Pakua Waraka. Mwananchi akikibonyeza, ukurasa unageuka kuwa waraka wa kawaida, wa aina ile anayoifungua kwa programu ya kuandikia barua, tayari una muhuri wa Jamhuri, anauchapisha na kuupeleka unakohitajika. Na yote hayo yanafanyika ndani ya kivinjari cha simu yake mwenyewe.

Hilo la kivinjari ndilo lililomfurahisha zaidi Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Kipepeo. Siku ya uzinduzi alilieleza vizuri kuliko mimi.

"Ndugu wananchi," alisema, "waraka wenu utazaliwa ndani ya simu yenu, kwa bando lenu. Serikali haitaugusa hata kwa kidole. Kwa hiyo ukitoka mzuri, hayo ni matunda ya uongozi bora. Ukitoka mbaya, mtakuwa mmeuzaa nyinyi."

Wananchi walishangilia. Kisha Waziri akanikaribisha nibonyeze kitufe mbele ya kamera. Nilibonyeza kwa kidole cha shahada, nikakishikilia hapo ili wapiga picha wapate nafasi, na picha zikatoka nzuri sana. Waraka wenyewe hakuna aliyeufungua. Hata mimi sikuufungua, maana nilikuwa nazitazama picha.

* * *

Mtu wa kwanza kuufungua aliitwa Bi Leokadia Lihumbo. Aliingia ofisini kwangu katikati ya Wiki ya Uhuru, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akaniwekea karatasi mezani bila kukaa.

"Shikamoo, baba Mkurugenzi. Wameniambia wewe ndiye mwenye hii."

Nilifurahi. Nilidhani anataka nisaini kama kumbukumbu, wengine walishaniomba. Kisha nikaitazama ile karatasi, na furaha yote ikaniishia.

Bendera hazikuwepo. Fremu ya pamba haikuwepo. Picha ya Mtukufu Rais ilikuwa imeporomoka kutoka kileleni mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, ambako ilikuwa imetandazwa kwa upana hivi kwamba Mtukufu alionekana ana mashavu ya mtu anayepuliza moto. Na majina yalikuwa yamekaa wazi, meusi, yamepangana chini ya kichwa cha habari kilichosema: Orodha ya Wafungwa wa Jamhuri. Mstari wa dhahabu haukuonekana popote.

Mume wake, Athanasi Lihumbo, alikuwa mwoka mikate. Alifungwa kwa sababu aliandika kwenye ubao mbele ya duka lake kwamba mkate umepanda bei, siku ileile ambayo Serikali ilitangaza kwamba bei zote zimeshuka. Hakimu alisema mkate umepanda, hilo mahakama inalijua, maana hata yeye hununua. Kosa la mshtakiwa lilikuwa kuliandika.

"Jina lake nililiona kwenye simu," Bi Leokadia aliniambia. "Limepitiwa mstari, linang'aa. Nikapiga magoti jikoni nikamshukuru Mungu. Nikaupakua waraka, nikauchapisha pale kwenye duka la kuchapishia, nikaupeleka gerezani. Afande Mbwelwa akausoma."

Afande Mbwelwa alikuwa mkuu wa Gereza la Tumaini, mtu wa haki, asiyepokea kitu wala kuongeza neno.

"Akasemaje?"

"Akasema, mama, hapa pameandikwa ni mfungwa, na jina la mumeo lipo, na muhuri upo. Sasa ulikuwa unauliza nini? Kisha akaniambia ahsante, maana karatasi ya mume wangu ilikuwa imepotea na walikuwa wakijiuliza wamweke kwa sababu gani. Akaichukua nakala moja akaitia kwenye faili."

Nilijikuna kichwa. Nikamwambia kwamba yaelekea simu yake ni ya zamani. Akanionyesha simu, ilikuwa mpya kuliko yangu. Nikamwambia basi kivinjari chake kina matatizo. Akasema alijaribu na cha jirani, na cha padri. Nikaigeuza kompyuta yangu imwelekee nikamwonyesha ukurasa.

"Tazama, mama. Mstari upo. Kwenye skrini upo kabisa."

"Naona," alisema. "Lakini mume wangu hayupo kwenye skrini, baba. Yupo gerezani. Kifua kimembana tangu masika, na ile sakafu ya saruji inammaliza. Wiki ya Uhuru inaisha Jumamosi jua likizama. Akikosa hii, ni mpaka mwakani, na mwakani hatafika."

Kwa Sheria ya Karatasi, alikuwa amesema kweli tupu. Mstari ambao haukufika kwenye mlango wa gereza mpaka Jumamosi ulikuwa unakufa pamoja na wiki yake. Kifungu hicho nilikipendekeza mimi, ili kila mwaka nipate nafasi ya kuchora upya.

Alipoondoka nilibonyeza kile kitufe kwa mara ya kwanza bila kamera. Waraka ukatoka uchi vilevile. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu wa cheo changu hapaswi kulisahau. Katika kurasa za tovuti, maneno hukaa kwenye faili lake na mapambo hukaa kwenye faili jingine. Kivinjari kinapouonyesha ukurasa huvalisha maneno hayo nguo papo hapo. Lakini kitufe changu kilikuwa kinabeba maneno peke yake, kinayafunga na kuyakabidhi kwa programu ya kuandikia, na nguo zote zinabaki kwenye kamba. Tulikuwa tumeuweka msamaha mzima wa taifa kwenye nguo.

* * *

Nilikwenda kwa Waziri. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama afanyavyo anapotaka ionekane kwamba anafikiri.

"Mwananchi ndiye aliyeuzaa huo waraka," alisema mwishoni. "Akauzae tena."

Nilipomweleza kuhusu picha ya Mtukufu kutupwa ukurasa wa mwisho na mashavu yale, alifumbua macho yote mawili na kikao kikaitishwa papo hapo. Kikao kilikaa mpaka chai ikapoa. Kuhusu picha, kiliamua kwamba Mtukufu kukaa mwisho ni ishara ya unyenyekevu wake unaojulikana duniani, na kuhusu mashavu, kwamba yanaonyesha afya. Kuhusu wafungwa, mjumbe mmoja alishauri kila mwananchi achore mstari wake kwa kalamu ya dhahabu, lakini ikakumbukwa kwamba kuongeza kitu kwenye waraka wa Serikali ni kughushi, na adhabu yake ni kifungo, hivyo tungekuwa tunawatoa wanaume na kuwaingiza wake zao. Mwingine akashauri wananchi waende na simu zao mlangoni. Simu haziruhusiwi mlangoni.

"Mheshimiwa," nilisema, "tukiandika neno moja tu mbele ya jina. Atoke. Neno fupi hilo."

Mtu mmoja akaenda kufunga dirisha.

"Mkumbukwa," Waziri alisema taratibu, "ule ukurasa umepewa tuzo. Wageni kutoka nje wanakuja kuutazama. Ukiuongezea neno hilo, watauliza atoke wapi, na aliingiaje. Sitaki kuona neno jipya pale. Kila asubuhi nitaukagua mwenyewe."

Nilisema ndiyo, Mheshimiwa. Katika utumishi wangu wote hilo ndilo jibu nililolitoa kwa ufasaha kuliko mengine, na mpaka leo nalitamka vizuri.

Ijumaa niliambatana na Bi Leokadia mpaka gerezani. Nilijidanganya kwamba nikiwepo mimi mwenyewe, kwa suti yangu, Afande ataelewa. Afande Mbwelwa alinisalimia kwa heshima, akanisikiliza habari za mstari mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema yeye hana mstari, ana karatasi. Lakini alituruhusu tumwone Athanasi kwenye wavu.

Alikuwa mtu mrefu, mifupa ya mabega imetokeza kwenye shati la gereza. Alikohoa kwanza, akasubiri kikohozi kiishe, ndipo akaniamkia.

"Mke wangu ananiambia wewe ndiye uliyenichora mstari."

"Ni mimi."

"Mimi sitauona. Niambie basi, unapendeza?"

Nilimwambia unapendeza.

"Ahsante," alisema, na alisema kwa moyo, bila kejeli yoyote. Akamgeukia mkewe akamuuliza kama hamira mpya inaumua unga vizuri. Nilitazama viatu vyangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na nimeshawahi kuanguka mbele ya gwaride.

* * *

Wazo lilinijia nikiwa kwenye foleni ya mafuta, mahali ambapo watu wengi wa nchi yetu hupatia mawazo yao. Kama waraka unapoteza kila pambo, basi hata pambo la kuficha litapotea. Nikiandika maneno kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe, Waziri hatayaona. Mwananchi akipakua, ule weupe utabaki nyuma pamoja na bendera na pamba, na maneno yatatokea meusi kama yalivyoumbwa.

Nilirudi ofisini, nikafunga mlango, nikakaa mbele ya orodha. Nilikusudia kuwaandikia wote waliopitiwa mstari. Naapa nilikusudia. Lakini nilipofika kwenye jina la Athanasi na kuandika ya kwake, ujasiri wangu, ambao haukuwahi kuwa mwingi, ukaishia hapohapo. Chini ya jina lake niliandika: Huyu tulimfunga kwa makosa yetu. Aende nyumbani. Nikayapaka nyeupe. Wale wengine, Mungu anisamehe, niliwaachia dhahabu.

Jumamosi asubuhi Waziri aliukagua ukurasa kama alivyoahidi. Aliniita. Nilikwenda.

"Hapa," alisema, akigusa skrini chini ya jina la Athanasi Lihumbo. "Hii nafasi nyeupe. Ni mpya?"

"Ni mpya, Mheshimiwa."

"Nimeipenda. Inapumzisha macho. Ndiyo maana nasema kila siku, Mkumbukwa ana jicho."

Nilimpigia Bi Leokadia nikamwambia apakue tena. Aliniuliza kwa nini, nami nikamwambia mitambo imefanyiwa usafi. Sikuthubutu kumwambia zaidi ya hapo, hata yeye.

Niliyasikia baadaye mambo ya mlangoni. Afande Mbwelwa aliipokea karatasi huku akianza kumpa pole, akaisoma. Akaigeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi. Akamwita msaidizi wake aisome kwa sauti, na msaidizi alipofika kwenye "makosa yetu" alishusha sauti kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Afande alivua kofia. Alisema ameitumikia Jamhuri tangu ana nywele nyeusi na hajawahi kupokea karatasi ya namna hii, lakini kilichoandikwa kimeandikwa. Jua lilipozama Athanasi alikuwa ameketi kwenye kiti cha duka lake, amefunikwa blanketi, watu wa mtaa mzima wamejaa mlangoni, na Bi Leokadia anawagawia mikate bure.

* * *

Jumatatu tuliitwa kwa Waziri. Nakala ya waraka ilikuwa mezani, imeshikiliwa na kikombe kama vile ingeweza kuruka. Bi Leokadia alikuwa ameletwa na polisi, na walimleta kama walivyomkuta, na aproni yake.

"Mkumbukwa," Waziri alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Serikali imesema makosa yetu. Kwa maandishi, kwa muhuri. Nimeutazama ukurasa, hakuna kitu kama hicho. Yametoka wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama wima nikajibu. Nilisema, "Hitilafu, Mheshimiwa."

"Hitilafu." Akavuta pumzi, na kila mtu chumbani akavuta yake. "Vizuri sana. Na waraka unazaliwa wapi?"

"Kwenye kivinjari, Mheshimiwa."

"Cha nani?"

Akajijibu mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyepata ufunguo uliopotea. "Cha mwananchi. Basi hitilafu ni ya mwananchi. Huyu mama amezalisha waraka wa uongo kwenye simu yake. Arudishwe mume, na yeye mwenyewe afunguliwe jalada la kughushi."

Bi Leokadia hakupiga kelele. Aliipangusa mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi niliupakua tu, mheshimiwa," alisema. "Nilibonyeza pale mlipotuambia tubonyeze. Nilipoyasoma yale maneno nililia barabarani, watu wananitazama. Sikulia kwa sababu anatoka. Nililia kwa sababu nilidhani Serikali imesema. Kama haikusema, sawa. Mimi nichukueni. Lakini yule mkimrudisha kwenye ile sakafu, mtakuja kumzika."

Polisi mmoja akamshika mkono. Nikasikia mtu anasema, "Niliandika mimi." Nilitazama huku na huku nimwone ni nani mpumbavu huyo, nikakuta wote wananitazama mimi.

"Umesemaje?" Waziri aliuliza.

"Niliandika mimi. Kwa rangi nyeupe. Ile nafasi inayopumzisha macho, Mheshimiwa, ndiyo hiyo."

Wanasheria waliitwa, safari hii bila hoteli. Jambo lilikuwa gumu. Kunishitaki kwa kuandika uongo kungelazimu mahakama ichunguze kama ni uongo, na hilo halikumpendeza mtu. Kumrudisha Athanasi nako hakukuwezekana tena, kwa kuwa sasa waraka ulikuwa umeandikwa na Mkurugenzi halali, na kusema kwamba aliachiwa kimakosa kungekuwa kusema kwamba Serikali imekosea. Serikali haikosei, hata inapomtendea mtu haki. Athanasi na mkewe wakaambiwa waende nyumbani wakaoke. Mimi nilipatikana na kosa la kutumia rangi nyeupe kinyume cha maumbile yake, nikapelekwa Gereza la Tumaini.

Mke wangu alipokuja kunitazama alikaa upande wa pili wa wavu. Kisha akasema, "Sasa hii ndiyo sanaa," akaanza kulia, nami nikalia.

* * *

Sikuteswa. Kila siku ya wageni Athanasi aliniletea mkate, kifua chake kimefunguka, akanieleza habari za mtaani na bei ya unga, ambayo sasa huiandika kwenye ubao kwa chaki hafifu. Nililala kwenye ile sakafu ya saruji na nikajua alichokuwa anakisema mkewe.

Wakati huo wizara ilikuwa imeona aibu na kuitengeneza kazi yangu. Waziri alitangaza redioni kwamba hitilafu ya waraka imeboreshwa. Kumbe haikuwa kazi ngumu. Badala ya mapambo kukaa mbali kwenye faili lake, kila jina sasa linabeba pambo lake lenyewe mgongoni, na picha imetiwa ndani ya waraka badala ya kuitwa kutoka nje, na yale mambo ya kupanga kurasa ambayo programu ya kuandikia haiyajui yamebadilishwa kuwa jedwali la kawaida, ambalo inalijua vizuri. Ningeweza kuifanya kazi hiyo kwa mchana mmoja. Mchana huo niliutumia kuipa dhahabu jina.

Wiki ya Uhuru iliyofuata jina langu lilitoka. Nilikuwa nimepitiwa mstari. Bi Leokadia ndiye aliyeupakua waraka na kuuleta mwenyewe mlangoni, kwa haraka, na viatu visivyofanana. Afande Mbwelwa akaja nao mpaka kwenye selo yangu, akaukunjua taratibu asiuchafue.

"Hongera, Bwana Mkurugenzi," alisema. "Haijawahi kutoka karatasi nzuri namna hii."

Akanionyesha kupitia nondo. Alisema kweli. Mtukufu alikuwa juu mahali pake, mashavu yamerudi yalivyokuwa. Bendera zilikuwepo kila pembe, pamba imezunguka pande zote, na katikati ya orodha, juu ya jina langu, ulipita mstari.

"Basi fungua, Afande," nilisema.

"Nifungue kwa nini? Nimesoma kote, hapasemi kitu. Panasema Orodha ya Wafungwa, na jina lako."

"Mstari, Afande. Mstari ndio unaosema."

"Yule mwoka mikate alikuja na maneno," alisema kwa upole. Alikuwa anataka kweli kunisaidia, niliiona huruma usoni mwake. "Mawili matatu tu, yanaeleweka. Yalikuwa mazuri sana yale maneno. Kwa nini wewe hawakukuandikia?"

"Yale niliyaandika mimi."

"Ndiyo hapo sasa," alisema Afande. "Na wewe upo humu."

Nikamwomba anishikishe karatasi kidogo kabla hajaenda kuitia kwenye faili. Nikaisogeza kwenye mwanga. Rangi ilikuwa ileile, Dhahabu ya Uvumilivu, haikuwa haradali wala uji, na mstari ulikuwa umenyooka kutoka herufi ya kwanza ya jina langu mpaka ya mwisho bila kuhama hata unywele. Nilijisikia fahari, siwezi kudanganya. Kisha nikamrudishia karatasi yake, naye akakagua kufuli.